Msiba wa Nyumba Moja: Yafaa Kuutangaza kwa Faida ya Wengine?



 Suala ninalotaka tulitazame leo nimeletewa na mama mmoja wa hapa Sinza, ambaye watoto wake wamesoma kwangu chuoni. Mama huyu alifiwa na binti yake wa miaka kumi na tisa kwa maradhi ya selimundu, ambayo mjini hapa wengi huyaita sikoseli. Katika miaka ile yote alijifunza mengi bila ya kuwa na mwalimu: kwamba homa ya mtoto wa maradhi haya si ya kungojewa hadi asubuhi, kwamba baridi ya mvua za masika na kiu ya mchana vyaweza kuamsha maumivu ya mifupa yasiyonyamazishwa kwa dawa za dukani, kwamba mtoto akipauka midomo na kuchoka ghafula, hapo si pa kutafuta kombe wala mafusho kwanza, bali ni pa kutafuta gari. Sasa anataka elimu hiyo isizikwe pamoja na mwanawe. Anataka kuanzisha jumuiya ya wazazi wenye watoto kama hao, kwa kuanzia na chumba kimoja, daftari na simu, na anataka iitwe kwa jina la binti yake.

Waliompinga si maadui zake. Ni kaka zake na mashemeji zake, watu wa swala na watu wa heshima. Wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba kumtaja marehemu kwa maradhi yake ni kumvua sitara. Ya pili, kwamba marehemu ameacha dada zake wawili ambao hawajaolewa, na ni nani atakayekuja kuposa katika nyumba yenye kibao cha maradhi mlangoni?

Msomaji, usiicheke hoja ya pili. Mimi nimekaa katika mabaraza ya posa kwa zaidi ya miaka thelathini, na najua yanayoulizwa pale kwa sauti na yanayoulizwa kwa minong'ono. Lakini tuanze na ya kwanza, maana hiyo ndiyo inayovaa kanzu ya dini.

Sitara ni jambo kubwa katika dini yetu, wala hakuna anayelipinga. Tumefundishwa kwamba anayemfunika mwenzake naye atafunikwa, na kwamba mwosha maiti akiona kitu cha kuchukiza mwilini mwa maiti hukifukia moyoni mwake kama mwili ule unavyofukiwa ardhini. Lakini tujiulize, sitara ni ya nini hasa? Ni ya makosa na ya uchi. Mtu ameteleza usiku, wewe umemwona, basi asubuhi usimtaje. Ama maradhi, hayo si kosa alilolitenda mtu. Nabii Ayyub (A.S.) aliugua, na habari za ugonjwa wake zasomwa misikitini hadi leo, wala hatuzisomi kwa kuona haya. Abu Ubayda bin al-Jarrah, mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, alikufa kwa tauni ya Amwas huko Sham mwaka 639, na Muadh bin Jabal akafa kwa tauni hiyo hiyo. Wanahistoria wa Kiislamu wameliandika jina la ugonjwa ule wazi wazi, na heshima ya wazee hao haikupungua hata chembe. Basi ni nani aliyeyageuza maradhi kuwa aibu? Ni sisi wenyewe, tena karibuni tu.

Wale wenye umri wangu wanakumbuka jinsi tulivyofanya UKIMWI ulipoingia. Wagonjwa wa kwanza nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa siku zile. Ulipofika huku Dar es Salaam tukaupa majina yetu wenyewe ya kejeli. Mtu akiambiwa kakanyaga miwaya, ilikuwa kama kwamba hukumu yake imekwisha kutolewa na kaburi limekwisha kuchimbwa. Kwenye matanga tulisema kifua, tulisema malaria, tulisema homa ya matumbo. Na tulipochoka na hayo tukasema amelogwa.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Kusema kwamba marehemu kalogwa si kumsitiri. Aliyelogwa lazima awe na mlozi, na mlozi lazima awe na nyumba, na mara nyingi nyumba hiyo huwa ya bibi kizee mjane wa uchochoro wa nyuma, asiye na mtoto wa kumtetea. Nimewaona wazee waliokoma kusalimiwa kwa sababu ya familia iliyoona haya kutaja jina la ugonjwa. Basi hiyo ndiyo sitara gani, ya kumfunika maiti wako kwa shuka uliyomvua jirani?

Sasa nitakupa habari ya mtu mmoja, nayo ni habari mashuhuri. Si Muislamu, lakini hekima tunaichukua popote tunapoikuta. Mwaka 1986 Bibi Noerine Kaleeba wa Uganda alikuwa mkuu wa shule ya mafunzo ya tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mumewe, Christopher, alikuwa masomoni Uingereza katika mji wa Hull. Akaletewa habari kwamba mumewe ni mahututi. Akaenda, akamkuta hospitali, na akaambiwa kwamba ni UKIMWI. Waliyafuatilia maradhi yale hadi kwenye damu aliyotiwa mwaka 1983 baada ya ajali ya gari. Huko Hull aliwaona wauguzi wakimshika mumewe, wakimwogesha, wakizungumza naye kama mtu. Waliporudi nyumbani Uganda mambo yakawa mengine. Waliomjua walikaa mbali, na hata hospitalini, mahali alipokuwa akifanya kazi yeye mwenyewe, palikuwa na waliogopa kumgusa mgonjwa wake. Christopher alifariki Januari 1987. Yeye bibi, alipopimwa, hakuonekana na virusi. Lakini kwa majirani hilo halikubadilisha kitu.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa na mabinti wanne wa kuwalea na kazi ya heshima, na kila sababu waliyo nayo wajomba wetu wa Sinza, yeye pia alikuwa nayo. Badala yake alianza kukutana na wenzake waliokuwa katika hali kama yake, jumla yao watu 16, na wengi katika hao walikuwa wenyewe wana virusi. Walianza kwa kukaa tu pamoja, kunywa chai na kusikilizana. Mwaka huo huo wa 1987 mikutano ile ikawa shirika lililoitwa TASO. Katika wale 16 wa mwanzo, 12 walikwisha kufa baadaye kwa ugonjwa huo.

Nataka uzingatie kwamba watu hawa hawakuwa na dawa. Dawa za kupunguza makali hazikuwapo Afrika kwa mtu wa kawaida. Hapa kwetu mpango wa serikali wa kuzitoa bure ulianza mwaka 2004, yaani miaka kumi na saba baadaye. Walichokuwa nacho ni kumtazama mgonjwa usoni, kumtibu yale maradhi madogo madogo yanayomvamia, kumzuru nyumbani kwake, na kumwambia mwenye nyumba kwamba kula sahani moja naye hakudhuru. Leo TASO ina vituo vikubwa kumi na kimoja, Mulago, Entebbe, Jinja, Masaka, Mbarara, Gulu na kwingineko. Mbegu yake ni mjane aliyekubali kulitaja jina la mumewe pamoja na jina la ugonjwa wake katika sentensi moja.

Hapa Dar es Salaam nako halikukosekana jambo la namna hiyo. Mwaka 1989 Bibi Theresa Kaijage, mwalimu wa kazi za ustawi wa jamii, pamoja na watu walioguswa na ugonjwa huo, waliasisi WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Mimi hulipenda jina lile. Halikusema wagonjwa, wala halikusema wasaidizi wa wagonjwa. Mwenye virusi, mama yake, mkewe na rafiki yake, wote waliingia katika neno moja, na mtu wa nje hawezi kujua ni nani katika hao aliye mgonjwa. Hiyo ni sitara kwelikweli, na bado kazi yafanyika mchana kweupe.

Wala Waislamu hawakukaa nyuma, alhamdulillahi. Huko Uganda Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ilianzishwa mwaka 1988, na katika miaka ya tisini ikawafundisha maimamu wa vijijini, nao wakaingia majumbani kuzungumza na watu juu ya ugonjwa. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI lilichapisha kitabu kizima juu ya kazi ya maimamu wale, ili wengine wajifunze. Na ukitaka kurudi nyuma zaidi, kumbuka hema la Bibi Rufayda al-Aslamiyya pale msikitini Madina, ambamo majeruhi waliuguzwa, naye Saad bin Muadh aliwekwa humo alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Mgonjwa alilazwa msikitini penyewe, mahali watu wote wanapopita.

Basi hoja ya kwanza ya wajomba imeanguka. Kumtaja marehemu kwa maradhi aliyojaliwa na Mola wake si kumvunjia heshima, illa kama yeye mwenyewe aliusia asitajwe. Hilo nilimwuliza mama. Akaniambia: "Maalim, ni yeye aliyekuwa akiwafundisha wenziwe wodini namna ya kunywa maji. Alikuwa na kidaftari." Basi huyo keshatoa idhini yake kwa mkono wake.

Tuje kwenye hoja ya pili, ya wale dada wawili. Hii ni nzito zaidi, nami siipitishi kwa haraka kama ile.

Yataka kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Selimundu haiambukizwi kwa kukaa pamoja wala kwa kula pamoja. Hurithiwa, tena kutoka kwa wazazi wote wawili. Mtu akipokea kinasaba cha ugonjwa kwa baba tu au kwa mama tu, yeye huwa mbebaji: haugui, hufanya kazi zake, huzeeka, na pengine asijue maisha yake yote. Wabebaji ni wengi katika pwani yetu na katika nchi zenye malaria, kwa sababu kile kinasaba kimoja humkinga mtoto asiuawe na malaria kali. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyopanga. Tatizo huja mbebaji akimwoa mbebaji mwenziwe. Hapo katika kila mimba huwapo fungu moja katika manne la kuzaliwa mtoto mgonjwa, mafungu mawili ya mtoto mbebaji, na fungu moja la mtoto aliyesalimika na yote mawili. Nasema katika kila mimba, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba wakishazaa mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesamehewa. Sivyo. Kila mimba ina hisabu yake upya. Muhimbili wameushughulikia sana ugonjwa huu. Utafiti wao mkubwa ulianza mwaka 2004 ukiongozwa na Daktari Julie Makani, na Tanzania yahesabiwa katika nchi zenye watoto wengi zaidi wa maradhi haya duniani.

Sasa, kwa hisabu hiyo hiyo, mtoto mzima wa nyumba iliyozaa mgonjwa ana mafungu mawili katika matatu ya kuwa mbebaji. Wajomba wanalijua hilo, ijapokuwa hawakulisoma. Wanachotaka ni kwamba mposaji asilijue.

Na hapa ndugu msomaji ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Mposaji akifichwa, msiba hauishi. Umehamishwa tu, umepelekwa nyumba nyingine ukawangojea watoto ambao bado hawajazaliwa. Mtu akiuza punda kilema huku kaficha kilema chake tunamwita mdanganyifu, na sheria yetu humpa mnunuzi haki ya kumrudisha. Je, ndoa ni duni kuliko punda? Tena jambo lenyewe si la kuvunja posa. Dada akijijua mbebaji, na bwana akapimwa damu akaonekana si mbebaji, hawatazaa mtoto mgonjwa wa selimundu. Kinachotakiwa ni kipimo, na kipimo hiki kipo, na sindano yake haizidi ya malaria. Posa inayoogopa sindano moja itastahimili nini katika yale yanayokuja baada ya harusi?

Lakini nimemwambia mama nalo neno lake, maana haki ina pande mbili. Habari ya marehemu ni ya marehemu, na ya kwake yeye aliyemwuguza. Majibu ya damu ya wale dada wawili si yake. Hana ruhusa ya kuyasimulia kwenye mkutano, hata kwa nia njema, hata kama wasikilizaji watalia na kutoa fedha. Wao ni watu wazima. Watapimwa kwa hiari yao, na kila mmoja atamwambia anayemhusu, naye ni yule anayetaka kumwoa, faraghani, kabla ya mahari. Hao hawakuingia katika jumuiya ya mama yao kwa sababu tu wamezaliwa naye. Kwa hiyo nikamshauri: jina la kwanza la binti yako litoshe kwenye kibao. Jina la baba na la ukoo liache. Waliomjua watamjua, na wasiomjua haliwaongezei kitu.

Na jina lenyewe, msomaji, lina mwendo wake. Hapa hapa petu kuna kituo cha daladala kiitwacho Kwa Remmy, kwa jina la mwanamuziki Remmy Ongala aliyefariki mwaka 2010. Waulize vijana wanaoteremka pale kila jioni Remmy ni nani. Wengi watakuambia ni kituo. Baada ya miaka ishirini jina la yule binti nalo litakuwa ni la mlango ambao mama aliyechanganyikiwa huelekezwa na jirani kwamba nenda pale watakueleza. Hakuna mposaji atakayeuchunguza ukoo wake.

Hadi hapo ni kuanzisha. Kukuza kuna mitihani mingine, nayo hainong'onezwi na wajomba, hivyo ni rahisi mtu kutoiona.

Jumuiya ikianza kujulikana, watakuja wenye fedha. Nao wenye fedha, sisemi wote, hupenda machozi. Watamwita mama hotelini, watampa kipaza sauti, na watataka asimulie usiku ule wa mwisho. Mwaka wa kwanza atasimulia kwa sababu moyo umejaa. Mwaka wa pili atasimulia kwa sababu kodi ya chumba haijalipwa. Mwaka wa tano atakuwa anajua ni sentensi ipi inayowatoa watu leso. Hapo simlaumu, namhofia. Zitachapishwa fulana zenye picha ya marehemu, na fulana baada ya miezi sita hufanywa za kuoshea magari. Mimi picha ya maiti kwenye fulana siikubali, na nimemwambia hivyo. Na picha za watoto walio hai, wamelazwa na mipira ya dripu, ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa mtoto yule hakuulizwa, na kesho atakua, na picha itakuwa ingali ikitembea.

Kisha kuna fedha yenyewe. Katika tarihi yetu kiko kisa ambacho kila mwenye kuasisi jambo la heri angekisoma. Qalawun, kabla hajawa Sultani wa Misri, aliugua vikali tumbo akiwa Damascus. Akatibiwa kwa dawa zilizoletwa kutoka hospitali ya Nuri, iliyojengwa na Nuruddin Zangi katika karne ya kumi na mbili. Alipopona alikwenda kuitazama, akaistaajabia, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa utawala atajenga yake. Akapewa, na mwaka 1284 akaanza kuijenga Cairo, na kwa muda usiozidi mwaka ilikuwa imesimama. Akaiwekea wakfu mkubwa, na sharti lake lilikuwa kwamba atibiwe tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, bila ya kutozwa. Watu walitibiwa humo kwa karne nyingi. Huo ndio msiba wa mtu mmoja ulivyogeuka kuwa rehema ya maelfu. Lakini wanahistoria wa huko hawakuficha upande wa pili: mahali palipojengwa palikuwa nyumba ya binti wa kifalme aliyehamishwa ili kupisha ujenzi, na msimamizi wa kazi aliwakamata wapita njia akawafanyisha kazi kwa nguvu. Wakawako watu wa dini waliojiepusha kuswali katika majengo yale. Hospitali ilikuwa ya heri, nadhiri ilikuwa ya kweli, na dhuluma nayo ilikuwa dhuluma; moja halikulifuta jingine.

Katika jumuiya ndogo za kwetu dhuluma huja kwa sura ya upole zaidi. Mwasisi hasemi "nimeiba". Husema "nimeazima", kwa kuwa anaona kwamba kitu chenyewe ni chake, kimetokana na mwanawe, kimeitwa kwa jina la mwanawe. Hapana. Siku ile mtu wa kwanza asiye jamaa yako alipotia shilingi elfu mbili katika kile kisanduku, kisanduku kilikoma kuwa chako. Hali yako ni hali ya msimamizi wa wakfu: umepewa funguo, hukupewa nyumba. Sheria ya nchi nayo inataka hivyo hivyo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, ambayo ilirekebishwa mwaka 2019, yalitaka kila shirika litoe kila mwaka taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa. Wengi huliona hilo kuwa ni usumbufu wa ofisini. Mimi naliona kuwa ni kinga ya mwasisi mwenyewe, kwani maneno ya barazani hayana mkaguzi.

Je, achukue mshahara? Nimeulizwa, na jibu si gumu. Hata wakusanyaji wa zaka wamewekewa fungu lao katika Kitabu. Na mlezi wa mali ya yatima, akiwa anacho chake hujizuia, na akiwa hana hula kwa kadiri inayojulikana. Mama huyu alikuwa akipika vitumbua na maandazi ya asubuhi. Akiacha jiko kwa ajili ya wagonjwa, basi ale. Ila kadiri hiyo isipangwe na yeye. Ipangwe na wenziwe, iandikwe, na wanachama waijue. Na katika hao wenziwe wasizidi jamaa wa nyumba moja. Kamati ya mama, dada, shangazi na mtoto wa shangazi ni karamu, si kamati.

Bibi Kaleeba aliiongoza TASO hadi mwaka 1995, kisha akawaachia wengine, nayo ikaendelea. Jambo hilo huandikwa kwa mstari mmoja tu katika habari zake, lakini naliona kuwa sawa na lile la kuanzisha. Msiba ulikuwa wake, nyumba hakuifanya yake.

Limebaki suala la zaka, ambalo baba mmoja wa jamaa hao hao aliniuliza: je, jumuiya kama hii yafaa kupewa zaka? Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, zaka humilikishwa mwenye kustahiki, mtu kwa mtu. Mtoto wa fukara anayehitaji dawa, damu na nauli ya kliniki anastahiki kwa ufukara wake, na jumuiya yaweza kuwa wakili wa kumfikishia. Lakini kodi ya chumba, viti, kibao na simu havilipwi kwa zaka. Hivyo ni vya sadaka ya kawaida na ada za wanachama. Kwa hiyo mama nimemwelekeza awe na madaftari mawili tangu siku ya kwanza, na visanduku viwili vya rangi mbalimbali, ili hata mwenye kutoa gizani baada ya swala ya Isha ajue mkono wake umeingia wapi.